Shela Mbili za Jora Moja

Soko huria lilipofika Sumbawanga lilikuja na marobota ya mitumba, na wateja wangu wakahama wote. Nani asubiri gauni wiki nzima wakati la Ulaya limelala pale kwenye turubai? Niliyatukana yale marobota mpaka nikachoka. Nikabaki na sare za shule, na shela za masista wa hospitali ya misheni. Hizo nilizikata kwenye popolini nyeupe, na ndani ya pindo nikatia kisalaba cha uzi mweupe, zisipotee kwenye kufua.

Ndipo akaja nesi mmoja wa hospitali hiyohiyo. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mwislamu kutoka Kigoma, lakini binti alizaliwa hapa, na Kifipa alikiongea kunizidi. Alitaka kitambaa cha kichwa kisichoteleza akiinama kumgeuza mgonjwa. Mimi Mkatoliki wa misheni ya Mwazye, hijabu sijawahi kushona. Lakini niseme sijui? Thubutu! Nilichukua kipimo cha masista, nikakata vilevile, kisalaba tu ndicho sikutia. Alipojiona kwenye kioo alicheka mpaka akakaa chini.

“Dada, umenifanya sista!”

“Kama hutaki, rudisha.”

Hakurudisha. Alivaa hivyo wodini miaka minne, na sista mkuu hakumwambia neno.

Milango ya nje ilipofunguka akapata kazi Ulaya, nyumba ya kutunzia wazee. Nilimshonea shela sita za kwenda nazo. Mwaka haujaisha, akaniandikia kwamba amesimamishwa. Meneja mpya alisema kitambaa chake kinaleta uchafu na kinahatarisha wazee. Akivue au aondoke. Akikosa kazi, na kibali cha kukaa kinakwisha, arudi mikono mitupu. Nililia kwa hasira. Siku hiyo nilivunja sindano mbili.

Wiki chache baadaye akasimama barazani kwangu kijana wa ofisi ya mkoa, na faili kwapani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Kodi nimeshalipa.”

Akacheka. Hakuja kwa kodi. Nchi ile, alisema, ina ofisi ya serikali inayopokea malalamiko ya Waislamu wanaobaguliwa, inayaandika na kuyafuatilia moja moja. Ofisi hiyo iliuandikia ubalozi wetu, ubalozi ukaandika Dar es Salaam, Dar ikauandikia mkoa, na mkoa ndio huo mbele ya cherehani yangu. Walitaka kujua kitambaa kimeshonwaje, na kama kiliwahi kuleta madhara hospitalini.

Iliniuma kwamba watu wanaogopa kitambaa mpaka serikali ifungue ofisi. Lakini mshangao ulishinda uchungu. Jamani, serikali mbili, mihuri yote ile, barabara yote ile ya vumbi kutoka Tunduma, kwa ajili ya kichwa cha binti mmoja!

“Niandike nini, mama?”

“Subiri kwanza.”

Nilikwenda kwa sista mkuu nikamweleza. Hakuniacha nimalize, aliingia ndani akatoka na shela yake. Nami nikashona nyingine ya nesi, kutoka jora lilelile. Nilizipiga pasi zote mbili, nikazikunja sawasawa, nikamkabidhi kijana.

“Sasa andika. Moja ni ya sista Mkatoliki, nyingine ni ya nesi Mwislamu. Ya sista ina kisalaba ndani ya pindo. Meneja asiambiwe hilo. Aulizwe ipi ndiyo ya hatari.”

Kijana alianza kucheka, kisha akaacha, akaandika taratibu sana.

Ilipita miezi, kila siku nikiangalia njia ya posta. Barua ya nesi ilipokuja nilikuta amerudishwa kazini. Nilipiga kigelegele peke yangu barazani, wauza mitumba wakageuka. Shela ziliwekwa mezani, aliandika. Meneja alizigeuza, akaziinua kwenye mwanga, hata akazinusa. Kisha akaweka kidole juu ya moja: hii. Ofisa wa ile ofisi ya malalamiko akafungua pindo, akamwonyesha kisalaba.

Nilimpelekea sista mkuu ile barua mbio, bila hata kufunga duka. Aliisoma amesimama, akarudia kuisoma. Halafu akaigusa shela kichwani mwake, kama mtu anayeikuta pale kwa mara ya kwanza.

“Kumbe wa kuogopwa ni mimi,” akasema.