Nilimwamini ndugu wa maombi, nikafuta majina ya bantu

Ni miye njo nilifuta majina. Si shetani, si courant ya umeme, ni hii mikono yangu! Ku kanisa nilishindwa kuisema, acha niiseme hapa.

Nilikuwa secrétaire mu bureau moja ya Likasi, ile miaka kazi zote zilikuwa zinakufa. Tulikuwa tunatafuta bantu benye balipotezana na jamaa yabo wakati Bakasai, bantu ba Kasai, balifukuzwa kwetu Katanga na kupakiwa mu train. Majina tuliandika mu ordinateur, kompyuta moja ya Linux. Makaratasi na barua, kisha kuziandika mu mashine, tulipatia bamama ba soko bafungie karanga. Karatasi ilikuwa shida!

Siku moja courant ikakatika. Kurudia, serveur, programu yenye inachunga majina, ikakatala kuwaka. Nikamwita Trésor, muntu wa mashine, ndugu yangu wa kikundi cha maombi. Tulishafunga naye kula siku tatu, weye!

« Dada, installation imeharibika. Futa yote yenye iko mu dossier yake, tuweke mupya. »

« Na majina? »

« Niko na kopi mu disquette, ku nyumba. Hauniamini? »

Kumwambia ndugu wa maombi « onyesha kwanza », kwetu ni kukosa imani. Nikafuta.

Mupya nayo ikakatala! Njo pale nikafungua fichier yenye mashine inaandika makosa yake. Mustari mumoja tu: serveur haina ruhusa ya kuingia mu dossier yake. Ruhusa ile, Trésor mwenyewe aliibadilisha wiki yenye ilipita, bila kuniambia. Majina yenye nilifuta yalikuwa mazima. Mazima kabisa!

Na disquette? Zile za kuwekea kopi alishaziuzisha zote, hata kopi moja hakufanya. Akaniambia na macho makavu: « Mungu anajua. » Mayo wee! Ndugu gani huyu?

Nilizunguka soko nzima nikifungua kornet, yale makaratasi ya kufungia karanga. Wapi!

Alhamisi Mama Ngalula, mumoja wa benye tulikuwa tunatafutia jamaa, akakuja, na miguu tangu Kamatanda, kama kila alhamisi. Barua ya binti yake ilikuwa imefika ku bureau siku chache kabla nifute. Adresse nilikuwa nimeandika mu mashine miye mwenyewe, na barua ikaenda kufungia karanga.

« Mwanangu, habari iko? »

« Bado, mama. »

Nilimudanganya! Akanishukuru, akaenda.

Benye munasoma, muntu akisema iko na kopi, afungue muione na macho yenu. Akikasirika, akasirike! Ule binti iko kule Kasai, anawaza mama yake alipata barua, akakatala kujibu.