Chaki Kabla ya Mng'aro

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu janti ya mteja, yaani lile duara la aluminiamu linalobeba mpira wa gari. Nilichota mchanga mweusi wa volkano, ule tuliosugulia sufuria nyumbani, nikasugua mpaka mkono ukauma. Shefu wa atelye, karakana yetu ya janti, akaja kutazama mikwaruzo.

"Mutoto, hii ni sufuria ya mama yako?"

"Mama alikufa, shefu."

"Basi usimuzikie hapa kwangu."

Hakunifukuza. Nilikuwa nimeacha shule, wadogo zangu wanne wananitegemea kule Keshero, kwa hiyo nilijifunza upesi. Unatoa verni ya zamani, rangi isiyoonekana inayokinga aluminiamu. Unapitisha msasa wa maji, kutoka mkali hadi laini, bila kuruka hata mmoja. Unang'arisha kwa dawa na kitambaa, mwisho unapaka verni mpya. Lakini kabla ya yote unatafuta ufa: chaki upande wa nje, mafuta ya taa upande wa ndani. Pakiwa na ufa, mafuta hupenya na kuchora mstari kwenye chaki.

Miaka ile ya wakimbizi na vita, barabara ya kaskazini iliua janti nyingi. Siku moja chaki ilionyesha ufa mrefu kama kidole kwenye janti ya Papa Dereva, mzee wa Masisi aliyekuwa akileta wagonjwa mjini kwa barabara hiyo kutoka Kalengera.

"Futa hiyo chaki," shefu akasema. "Ngarisha. Mutu anataka kuona sura yake, hakuomba masomo."

"Itapasuka njiani, shefu."

"Na wadogo zako watakula chaki?"

Nikafuta. Hasira ninayoandika nayo leo si ya shefu peke yake. Nyingine ni yangu mimi. Janti ile niliing'arisha kuliko zote nilizowahi kushika.

Papa Dereva akafika kabla sijapaka verni. Akainama, akajitazama ndani yake, akarekebisha kofia.

"Nimekuwa kijana tena. Fungeni haraka, kuna mama anangoja kujifungua."

Nikachukua chaki na chupa ya mafuta ya taa. Nikapaka nje na ndani, tukasimama watatu mpaka mstari ukarudi.

"Shefu, ulijua?" mzee akauliza.

Shefu hakumtazama. Aliniambia mimi: "Acha salopeti yangu hapo, uende." Nikaivua ile nguo ya kazi.

Papa Dereva akafunga gurudumu la akiba, la chuma, lenye kutu, akashika ile barabara ya kaskazini, njia ya Kibati. Kesho yake nilianza kazi yangu mwenyewe kando ya barabara, na wadogo zangu wote nimewalea kwa kazi hiyo.

Sasa nimepumzika, lakini moyo haujapumzika. Vijana wa atelye za leo wananiambia chaki inapoteza muda, mteja anataka kung'aa tu. Ni maneno yale yale ya shefu. Janti yenye ufa Papa Dereva aliniachia siku ile. Iko mlangoni kwangu. Kijana akija kuniomba siri ya mng'aro, namwonyesha hiyo, namkabidhi kipande cha chaki.

Wengine hawarudi tena. Ni bora wasirudi kuliko wang'arishe ufa.