Sentensi za Fundi Cherehani

Kitabu cha maneno magumu ya Kiingereza mama fundi alikiegemeza kwenye cherehani yake, akakibana kwa mkasi kisijifunge. Kila neno lilikuja na maana yake na mfano wake, naye alisoma huku mguu ukikanyaga pedali. Wateja walimtania kwamba kesho atawapindia suruali kwa Kizungu. Aliwajibu kuwa kwa Kizungu bei ni nyingine.

Hakutaka makuu. Binti yake aliolewa ughaibuni, na mjukuu aliyezaliwa huko hakujua Kiswahili. Kila simu ilipopigwa binti alikaa katikati, akatafsiri nusu na kumeza nusu. Fundi alitamani kuongea na damu yake bila mkalimani. Kiingereza chepesi cha shuleni alikuwa nacho, ila alijiambia kuwa mtoto aliyezaliwa ndani ya lugha haongei ile ya kuokoteza. Ndiyo maana akaanzia kileleni.

Jirani yake, mwalimu mstaafu, alimpa sharti moja: neno si lako mpaka ulitungie sentensi yako. Kwa neno lenye maana ya kitu kisichodumu, kitabu kilitoa mfano wa ukungu wa asubuhi. Fundi akatunga: utoto wa mjukuu wangu haudumu. Kwa neno la kutochoka: masikio yangu hayachoki kungoja simu. Mwalimu alisahihisha, kisha akavua miwani.

"Dada, sentensi zako zote zina mtoto mmoja."

"Mwingine sina, mwalimu."

Simu ilipopigwa, alimwomba binti yake ampe mtoto na yeye akae pembeni. Akasema ile ya utoto usiodumu, polepole, kila silabi mahali pake. Akamsikia mtoto akimuuliza mama yake kama bibi anasoma taarifa ya habari. Binti alicheka. Fundi naye alicheka. Maneno makubwa yote yakamtoroka, akabaki na yale ya shuleni. Akauliza kwa hayo hayo:

"Umekuwa mkubwa kiasi gani?"

"Nafika kwenye kitasa cha mlango," mtoto akajibu.

Alielewa jibu lote, bila mtu katikati.

Simu ilipokatika alivuta tepu yake ya kupimia shingoni, akapiga magoti mlangoni pa chumba cha kushonea, akapima toka sakafuni hadi kwenye kitasa. Huenda milango ya huko ni mirefu zaidi. Akaongeza kwenye kipimo pindo nene, la kufumuliwa mtoto akirefuka, akatandaza kitambaa mezani amshonee mjukuu nguo.