Barua ya Baba Mkubwa

Nilipomaliza kidato cha nne, nchi ilikuwa imekwisha kutangaza ujamaa na redio ilikuwa ikisema kila jioni kwamba vijijini hakuna waganga. Nilichaguliwa kwenda chuo cha waganga wasaidizi. Barua ilipofika Kishanda, mama aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu alikuwa anamenya ndizi na mikono yake ilikuwa na utomvu. Hakujua kusoma. Alinitaka niisome mara mbili, kisha akaendelea kumenya.

Wiki tatu baadaye ilikuja barua ya pili. Chuo kilikuwa kimepokea malalamiko kutoka nyumbani kwetu kwamba nilizaliwa Uganda na kwamba baba yangu hajulikani. Nafasi zile zilikuwa za raia tu. Nilitakiwa nithibitishe uraia wangu mbele ya hakimu wa wilaya, Bukoba, na mpaka hapo jina langu lilikuwa limesimamishwa.

Hatukuhitaji kuuliza nani aliandika. Nakala ya malalamiko ilikuwa imeambatishwa, na mlalamikaji alikuwa ameweka sahihi yake waziwazi: kaka yake baba.

Baba alifariki nikiwa darasa la nne, na hakuacha mtoto wa kiume. Kwa desturi yetu kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa pamoja na nyumba iliyomo, kilipaswa kurudi kwa kaka yake. Ukoo ulikaa ukamruhusu mama aendelee kuishi pale mpaka nitakapoolewa. Kwa hiyo kila mwaka niliobaki shuleni ulikuwa mwaka mwingine ambao baba mkubwa alisubiri. Wachumba wawili alikwisha kuwaleta mwenyewe. Sasa akasikia nakwenda chuoni miaka mitatu.

Ila jambo moja katika barua yake lilikuwa kweli. Nilizaliwa Uganda. Baba alikwenda kule kufanya kazi kwenye mashamba ya pamba, mama akamfuata, na mimi nikazaliwa huko miaka kadhaa kabla ya Uhuru. Tulirudi Kishanda nikiwa nimebebwa mgongoni.

Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mwema, alikuja kutupa ushauri. Mama alimkaribisha kwa kahawa ya kutafuna, naye akatafuna taratibu kabla ya kusema.

"Mama, sema tu amezaliwa hapa. Mimi nitasimama nishuhudie. Nani atabisha?"

"Shemeji yangu atabisha," mama alisema. "Na cheti cha ubatizo kipo kule kwenye misheni. Wakikileta, nitasema nini?"

"Hawatakwenda mpaka Uganda kwa ajili ya msichana mmoja."

"Labda. Lakini mimi nitakuwa nimekwisha kushika Biblia."

Usiku huo sikulala vizuri. Nilimwona mama ni mkaidi, na nilimwambia hivyo asubuhi, jambo ambalo sikuwa nimewahi kufanya. Aliendelea kupiga pasi gauni lake la kanisani kwa pasi ya mkaa.

Tulipanda basi kutoka Muleba. Baba mkubwa alikuwa ndani ya basi lile lile, kwa kuwa siku hiyo halikuwepo jingine, na alikuwa amevaa kanzu nyeupe na koti. Nilimwamkia. Aliitikia. Mama naye alimwamkia kwa Kihaya, kwa heshima zote za shemeji, na tukaketi hivyo mpaka Bukoba, yeye kiti cha mbele, sisi nyuma yake, nikitazama shingo yake iliyokuwa imenyolewa vizuri.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri. Hakimu alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi tuinamie mbele kumsikia. Karani alisoma barua ya baba mkubwa. Halafu mama akaitwa, akaapa.

"Binti yako alizaliwa wapi?"

"Uganda, mheshimiwa."

Watu waliokuwa wamekaa nyuma wakisubiri kesi zao waliguna. Balozi wetu, aliyekuwa ametusindikiza, aliangalia chini. Baba mkubwa alinyoosha koti lake. Mimi nikawa najiambia kwamba chuo kimekwisha, basi, kimekwisha.

Hakimu hakuguna. Aliandika, akachovya kalamu, akaandika tena.

"Na baba yake?"

"Ni marehemu mume wangu. Tulifunga ndoa kanisani kabla hatujaondoka. Cheti ni hiki."

Hakimu alikitazama pande zote mbili, kisha akamwita baba mkubwa, ambaye aliapa kwa sauti kubwa.

"Mzee, marehemu mdogo wako alizaliwa wapi?"

Nadhani hapo ndipo baba mkubwa alipouona mtego, ingawa hakuna mtu aliyekuwa ameutega. Kama angesema hajui, au angesema mdogo wake alitoka kwingine, angewezaje kesho kukidai kibanja chake kuwa ni cha ukoo?

"Kishanda," alisema. "Nyumba ile ile niliyozaliwa mimi. Na baba yetu pia."

"Na huyu binti ni mtoto wa mdogo wako?"

Hapa angeweza kusema lolote. Alioa na kuzaa akiwa Kishanda, hakuwahi kufika Uganda, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kusema hana uhakika. Aligeuka akanitazama. Sikumbuki kama aliwahi kunitazama hivyo kabla ya siku ile, kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akasahau.

"Ana uso wa mama yetu," alisema.

"Hilo ni ndiyo?"

"Ni ndiyo."

Hakimu alieleza kwa maneno machache. Aliyezaliwa nje kabla ya Uhuru, baba yake akiwa mzaliwa wa nchi hii na babu yake vilevile, ni raia, na hana haja ya kuficha alikozaliwa. Kama mama angeapa uongo, alisema, angelazimika kumshughulikia mama badala ya kunishughulikia mimi. Kisha akaagiza karani aandike.

Nje, mama aliketi kwenye ngazi na kuvua viatu. Nilimwomba radhi kwa maneno yangu ya asubuhi ile. Alisema viatu vinabana.

Hukumu tuliituma chuoni kwa barua ya rejista. Jibu lilikuja: wanakubali, lakini masomo yamekwisha kuanza na nafasi yangu imepewa mwingine, nisubiri mwaka unaofuata. Nililia kidogo. Mwaka huo nilifanya kazi ya kusaidia zahanati ya Kimwani, kuchemsha sindano na kuandika kadi za wagonjwa, na malaria ya kule bondeni ilinifundisha mambo ambayo baadaye chuoni niliyakuta darasani kama watu ninaowafahamu. Kisha nilikwenda, na safari hiyo hakuna aliyeandika barua.

Baba mkubwa alifariki nikiwa mwaka wa tatu. Habari zilinifikia mazishi yamekwisha. Nilipokwenda likizo, mama alinipeleka kaburini na kuniambia kwamba yeye ndiye aliyekwenda rweya, kwenye nyasi za malisho, kukata majani ya kutandika chini kwa ajili ya wafiwa, siku tatu mfululizo. Wana wa baba mkubwa walikuwa wamemwambia aendelee kuishi kibanjani.

Nilimuuliza kama alikuwa amemsamehe.

Alitazama migomba ya upande wa kaburi, akasema machipukizi yamezidi, yananyang'anyana chakula. Akanipa panga, naye akachukua la kwake, tukaanza kupunguza.