Kiraka Katika Uso wa Gitaa

Gitaa lililetwa kwangu kwa jambo dogo. Kichwa cha kifunguo kimoja cha kukazia nyuzi kilikuwa kimevunjika, na mwenyewe alitaka nimchongee kingine cha mpingo. Ilikuwa miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Nilikuwa na karakana ndogo Utemini, mjini Singida, na kazi zangu zilikuwa madawati ya shule, milango, na viti vya ofisi ya Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya. Gitaa nilikuwa sijawahi kulishika mkononi.

Mwenye gitaa alitoka Iguguno. Alinizidi kama miaka kumi na mitano. Alikuwa mkulima wa uwele na karanga, na ndiye aliyeongoza kwaya katika kanisa la kwao. Huko Burma alikopelekwa vitani bomu lilipasuka karibu naye, sikio la kushoto likafa. La kulia lilibaki zima, kwa hiyo alipopiga gitaa aliinamisha kichwa upande huo kama mtu anayesikiliza nyumba ya jirani. Gitaa alilinunua Dar es Salaam, kwa Mgoa mmoja, siku chache baada ya kushuka melini. Hata wakati huo lilikuwa la zamani. Uso wake ulikuwa umeiva rangi ya asali ya mwaka wa pili, na chini ya tundu kulikuwa na mikwaruzo ya kucha za watu ambao hatukuwajua.

"Shikamoo, kaka," nilimwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Nasikia Wanyaturu mnajua kuchonga mizinga tu. Usije ukanirudishia hili limejaa nyuki."

"Wakiingia nyuki utashukuru, kaka. Wataimba kuliko Mnyiramba."

Alicheka mpaka akakaa kwenye benchi langu. Aliniachia gitaa, akasema atarudi baada ya wiki tatu, lori la mfanyabiashara wa karanga litakapokuja mjini tena.

Mwezi ule mchwa walikuwa wameingia karakanani. Niliwakuta kwenye mguu wa meza, kisha kwenye rundo la mbao. Sikutaka kuacha mali ya mtu pale, nikaipeleka nyumbani Mandewa. Nyumba yetu ilikuwa tembe, na kwetu kitu cha mti chenye thamani hakiwekwi chini wala hakiegemezwi ukutani. Kinatundikwa juu ya meko. Mbegu, kigoda kipya, mpini wa jembe, vyote hukaa kwenye moshi, na mdudu hagusi. Nilifanya kama baba yangu alivyofanya na baba yake. Nilifunga gitaa kwa kamba, nikalitundika juu ya moto wa mke wangu, nikaona nimelitunza vizuri.

Liliningʼinia siku sita. Siku ya saba nilipolishusha, nilisikia kitu kikilegea ndani. Uso ulikuwa umepasuka mipasuko miwili iliyokwenda sambamba upande wa chini, na gundi ya kijiti cha ndani kinachoushikilia ilikuwa imeyeyuka. Kabla sijaligeuza, ule ukanda wa mbao uliokuwa katikati ya mipasuko ukachomoka. Ulikuwa na urefu wa kiganja na upana wa vidole viwili. Ulidondokea motoni. Mke wangu aliuchomoa kwa kijiti, lakini ulikuwa umekwisha kuwa mkaa.

"Mpelekee habari leo hii," alisema. "Atakuelewa. Mtu mzima yule."

Nilisema nitapeleka. Kisha nikaanza kutafuta mbao.

Nitaeleza nilivyofanya, kwa sababu kosa langu lilikuwa ndani ya kazi yenyewe. Mti wa gitaa lile ulikuwa mweupe kwa asili, mwepesi, wenye mistari iliyonyooka na kukaribiana. Huku kwetu miti ya namna hiyo haioti. Mbao yake niliipata kwenye kasha lililoletea vioo vya madirisha ya boma. Karani wa stoo alinipa ubao mmoja, nikauchagua kwa kuhesabu mistari katika upana wa kidole mpaka nikapata sehemu inayolingana na gitaa. Nilichonga kipande, nikakipachika kwa gundi ya kuchemsha, na kwa woga nikakibandikia kipande kingine kinene kwa ndani ili kisitoke tena. Kilikaa sawasawa. Lakini kilikuwa cheupe kama jino.

Rangi ilinichukua siku kumi na moja. Nilikata vipande vya majaribio, nikavipanga dirishani. Chai kali ilitoa rangi ya kijivu. Maganda ya vitunguu yalitoa njano iliyochangamka mno. Asali iliyochemshwa ilinata na kuita sisimizi. Hatimaye nilipaka chai nyepesi, nikakausha juani, nikapaka maji ya magome mara tatu, nikamalizia na nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na masizi kidogo. Hapo nikagundua kwamba mti wa zamani hauna rangi moja. Pale mkono wa mpigaji unapolala umekolea, karibu na ukingo umefifia, na ndani ya mistari kuna uchafu wa miaka. Nikautia uchafu kwa ncha ya sindano. Nikatoka nje na kulitazama gitaa asubuhi, mchana na jioni, kwa maana rangi iliyolingana ndani ilikataa kulingana juani.

Mwisho nilikwaruza. Mkwaruzo mmoja mrefu wa zamani ulikuwa unakatiza pale kwenye ukanda ulioungua. Nilichukua msumari nikauendeleza juu ya mbao mpya, nikaupaka masizi, ukaungana na mwenzake wa ngʼambo ya pili. Mke wangu alikuwa akichambua mchicha. Alinitazama akasema, "Hapo hutengenezi tena. Hapo unaficha." Niliona fahari. Siku ile, kati ya siku zote, niliona fahari.

Mwenyewe alikuja na lori kama alivyoahidi. Alitazama kifunguo cha mpingo, akakizungusha, akasifu. Akapitisha kiganja juu ya uso wa gitaa, juu ya kiraka changu, bila kusita. Akakaza nyuzi na kuanza kupiga. Baada ya kidogo akaacha. Akainamisha kichwa zaidi, akapiga tena uzi mnene peke yake.

"Upepo ni mwingi leo," alisema.

Upepo wa Singida haukosekani, lakini nyuzi zile hata mimi nilizisikia. Sauti ilikuwa imeziba, kama mtu anayezungumza na blanketi mdomoni.

"Ni nyuzi, kaka," nilimwambia. "Zikilegezwa muda mrefu hukawia kurudi."

"Kweli?"

"Zipe siku chache."

Aliniaga kwa furaha. Nilikuwa na nafasi ya kusema tangu alipoketi mpaka lori lilipopiga honi, na nafasi hiyo niliitumia kumfungia gitaa kwenye gunia.

Habari zilizofuata nilizipata kwa dereva wa lori. Alisema yule bwana wa Iguguno ameacha kuongoza kwaya. Alikwenda zahanati, dresa, yule msaidizi wa mganga, akamtia mafuta ya vuguvugu sikioni. Mara nyingine dereva alisema mtu huyo siku hizi hakai na wenzake, maana anaogopa watamsemesha asisikie. Nilimuuliza kama anaposemeshwa anasikia. Dereva alishangaa. "Anasikia vizuri tu. Ila yeye mwenyewe anasema hasikii."

Niliyasikia hayo nikiwa na randa mkononi, nikaendelea kupiga randa.

Baada ya mavuno alikuja mwenyewe, kwa baiskeli, gitaa mgongoni. Hakuleta utani. Aliketi kwenye benchi lile lile.

"Fundi, nitafutie mtu anayesikia umpe hili. Sikio la kulia nalo linaondoka. Watu wakisema nawasikia, lakini nikipiga hili nasikia matope. Nimelala na wazo hilo miezi minne."

"Labda ni gitaa, kaka."

"Gitaa lina nini? Litazame. Halijabadilika hata kidogo."

Kazi yangu yote ilikuwa katika neno lile. Nilitamani anione, na nilitamani asinione. Nikamwambia aniachie wiki moja, nitalisafisha ndani. Alipoondoka nilipinda ncha ya kisu, nikakiingiza kwenye tundu, na kwa siku tano nilikwangua kile kipande kinene nilichokibandika kwa woga, chembe baada ya chembe, nikigonga kwa kidole na kusikiliza, mpaka uso ukaanza kuitika. Upande wa nje sikuugusa.

Alipokuja kulichukua alipiga mara moja tu, kisha akaweka mkono juu ya nyuzi kuzinyamazisha. Macho yalimjaa machozi.

"Limerudi," alisema. "Wazee wa kanisa waliniombea Jumapili. Sikio limerudi, fundi."

Niliona ajabu jinsi uongo wa pili ulivyokuwa mwepesi. Haukuhitaji hata neno. Niliitikia kwa kichwa tu.

Alinialika Iguguno kwa ibada ya shukrani. Mke wangu alisema kama siendi kusema ukweli, basi nisiende. Nilikwenda. Nilikaa benchi la nyuma. Alisimama mbele na gitaa lake, akasimulia juu ya bomu, juu ya matope, juu ya maombi ya wazee. Kanisa zima lilisema amina. Kisha akapiga, na kwaya ikamfuata, na sauti ilikuwa nzuri kweli. Niliwaza kwamba hakuna aliyeumia. Mtu anaimba, watu wanafurahi, mimi nani nije kuharibu?

Tulipotoka nje, mama mmoja alikuwa akimngoja kando ya ukuta, na binti wa kama miaka minne. Vumbi lilikuwa limewafika magotini. Mama alieleza kwamba mtoto hasikii tangu alipougua homa, na kwamba wametembea tangu jana waliposikia kuna mtu aliyefunguliwa sikio. Aliomba amwekee mtoto mkono. Yule bwana akapiga magoti palepale kwenye vumbi. Aliweka viganja viwili kwenye masikio ya mtoto, akaomba kwa sauti kubwa, na mtoto akamtazama mdomo wake ukienda.

Nilingoja aseme amina. Nikamshika mkono, nikampeleka nyuma ya kanisa.

"Kaka, sikio lako halikuponywa," nilisema. "Halikuwa limeharibika. Niliharibu gitaa."

Nilimwambia yote, toka mchwa hadi kisu. Alinisikiliza kwa kichwa kilichoinama upande ule wa kulia. Nilipomaliza akaligeuza gitaa juani.

"Wapi?"

Alitafuta, hakuona. Nikamshika kidole, nikakiweka mahali pale na kukizungusha kwenye mipaka ya kiraka.

"Huu mkwaruzo nao?"

"Nusu ni wangu."

Kutoka upande wa mbele tulisikia wanakwaya wakitaniana kuhusu nani alikosea sauti.

"Mtu anaunguza kitu cha mwenzake," alisema. "Hutokea. Ningekutania mpaka unikimbie, mambo yakaisha. Lakini miezi minne nilikuwa nikimwangalia mke wangu akisema, nahesabu maneno niliyosikia na niliyokosa. Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Kikwangue."

Sikuelewa.

"Hiyo rangi. Ikwangue. Nataka nikione."

Palikuwa na vipande vya chupa chini ya ukuta. Nilichukua kimoja, nikapiga magoti na kukwangua nta, masizi, magome na chai, naye akasimama juu yangu mpaka mbao ya kasha ikatokea nyeupe, wazi kabisa, katikati ya ule uso wa asali. Kipande cha chupa kiliteleza nikakwaruza kidogo nje ya mpaka. Alipuliza unga wa mbao, akalivaa gitaa mgongoni.

"Wazee nitawaambia mimi," alisema. "Yule mama mwambie wewe."

Nilimkuta amekaa pale pale kando ya ukuta, amemtia mtoto karanga mkononi. Alidhani nimetumwa kumkaribisha chakula, akaanza kukunja kanga aliyoikalia. Nilimwamkia. Nikachuchumaa mbele yake na kumwambia kwamba yule bwana hakuwa na ugonjwa, kwamba mimi ndiye niliyemdanganya, na kwamba hakukuwa na sikio lililofunguliwa.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, "Na mwanangu je?"

Nilisema sijui, mama.

Alimwita mtoto kwa kumgusa bega, akampangusa vumbi magotini, akasimama. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilimwambia angoje, lori litapita mchana, nitamwombea nafasi kwa dereva. Alisema hapana, asante, kuna kazi nyumbani. Wakaanza kutembea. Mtoto alikuwa akigeuka geuka kunitazama, na mama hakugeuka.