Mabukwe Aenda Kuposa

Mitaani Gitega wananiita Mabukwe, neno la Kirundi la mama mkwe. Nimeigiza mama mkwe mkorofi miaka mingi, kwanza jukwaani, kikundi chetu kikizunguka kilima hadi kilima, kisha katika filamu ndogo ndogo ambazo watu hurushiana kwenye simu. Wasichana wazuri wa hadithi hubadilishwa. Mimi hubaki. Nina uso mkavu na kicheko cha puani nilichokitoa kwa muuza maharage mmoja wa soko la Mutaho. Nilisimama karibu naye asubuhi nzima nikijifanya nachagua.

Kuna filamu moja ambamo mkwe wangu ananiletea ugali. Naonja, nacheka, kisha nawamwagia kuku sahani nzima. Hiyo ndiyo watu hawaisahau.

Mwaka huu mwanangu, na sina mwingine, alipata mchumba Giteranyi, upande wa Muyinga. Alirudi kutoka huko akiwa mnyonge.

“Mama, wameiona ile ya ugali. Mama yake anasema hampeleki mtoto wake kwa mtu yule.”

“Si umwambie ni kazi?”

“Nimemwambia. Akauliza ni kazi gani hiyo ya kumwaga chakula.”

Hata hivyo walikubali twende kushika irembo, yaani kubisha rasmi kwenye mlango wa nyumba ya binti. Jibu tungelipata hukohuko.

Siku moja kabla ya safari tulikuwa Mushasha tukipiga filamu nyingine, na kila tulipokaribia kumaliza tukio, wanafunzi wa shule ya jirani walitoka wakipiga kelele, tukaanza upya. Nilirudi nyumbani nimechoka hadi kwenye meno. Alfajiri tukaondoka. Ndani ya gari nilijipangia: nitasalimia kwa sauti ya chini, nitashika mkono wa mama wa binti kwa mikono miwili. Tulipofika Karuzi niligundua kwamba nilikuwa nafanya mazoezi. Mama mkwe mwema, nafasi ambayo hakuna aliyewahi kunipa.

Giteranyi tulipokelewa na shangazi wa binti, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Muyinga mjini.

“Eh! Ni yeye huyu, mi namujua! Kicheko iko wapi, Mabukwe? Umeiacha Gitega?”

“Kimepumzika,” nikasema.

“Na kuku zetu, tuzifungie?”

Watu wakacheka. Mama wa binti hakucheka. Nilimsalimia kwa ile sauti ya chini, mikono miwili. Alinitazama kama mtu anayekagua kitambaa dukani.

“Unafanya vizuri sana,” alisema.

Alijua naigiza. Kila upole niliouonyesha ulizidi kuniharibia.

Tukakalishwa chini ya turubai, familia mbili zikitazamana, pombe ya ndizi katikati. Msemaji wao, kwa mafumbo ya desturi, akauliza kama tumepotea njia, maana kwao hakuna kitu ila mihogo. Wetu akajibu kwamba hata shamba la mihogo lina mlango, watuonyeshe tu. Waliendelea hivyo, na joto likapanda. Nikasema moyoni nifumbe macho kidogo.

Nilipozinduka shingo iliniuma, na magotini palikuwa na kitenge kisicho changu. Mwanangu alinitazama kama mtu anayeona nyumba yake inaungua. Mama wa binti alikuwa amehamia kiti cha pembeni yangu.

“Nimekoroma?” nikamuuliza.

“Sana. Wanaume wamelazimika kupaza sauti.”

“Nisamehe, dada. Jana nilikuwa kazini kutwa.”

“Kumwaga chakula?”

“Hapana. Jana ilikuwa kumfukuza mkwe nyumbani. Tulirudia na kurudia.”

“Mtu mmoja unamfukuza siku nzima?”

“Mwishowe alilia kweli. Kwa njaa.”

“Na wewe ulikula?”

“Sikula. Leo pia bado.”

Akamwita binti yake. Binti akaja na sahani ya ugali na maharage, akainama, akaniwekea mbele. Mazungumzo yakakatika. Shangazi alikuwa ameshainua simu yake. Kuku mmoja akasogea hadi kwenye mguu wa kiti changu.

Sikuwa na nguvu ya kuwa mwema wala mkorofi. Nilinawa, nikakata tonge, nikala.

“Ugali una madonge,” neno likanitoka.

Mwanangu akafunika uso.

“Najua, mama,” binti akasema. “Niliusonga kwa woga.”

“Hata mimi nimemwambia una madonge,” mama yake akasema. Akageukia wanaume. “Nyinyi, maneno yametosha. Waonyesheni huo mlango waliouomba, na sisi tule.”

Shangazi akashusha simu. Nikaendelea kula, madonge na yote, hadi sahani ikawa tupu. Kuku alizunguka kiti mara nyingine, akaenda zake.