Siku Niliyopaka Chokaa Juu ya X

Jamani, jambo hili ni la aibu na nisingelisimulia kabisa, ila mji mzima wa Mugumu wanalijua tayari, na ukilisikia kwa wengine utaongezewa ambayo hayakuwepo (kuna mmoja pale sokoni anaapa kwamba nilizimia, sikuzimia, nilikaa tu chini). Bora mlipate kwangu mwenyewe, na mkicheka mcheke mimi nikiwepo.

Nina kiwanja kando ya barabara ya mtaa, na nyumba nimeijenga ndani kidogo, lakini bafu, kwa akili zangu, nikalijenga mbele kabisa, matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, ili maji machafu yateremke yenyewe mtaroni. Mwaka huu wakawa wanatuletea bomba jipya la maji kutoka bwawa la Manchira. Halmashauri ikabandika tangazo kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji, na gari la matangazo likapita likisema kwamba kila aliyejenga ndani ya hifadhi ya barabara abomoe mwenyewe, na kwamba vilivyopigwa X vitakaguliwa na kuondolewa kabla mtambo haujaanza kuchimba. Bafu langu lilipigwa X nyekundu kubwa, upande ule wa barabarani, kila mpita njia anaiona.

Jirani yangu Mzee Saidi, fundi cherehani ambaye babu zake walitoka Tanga, alivunja kibanda chake kesho yake asubuhi, akahamishia cherehani barazani kwake. Akaniita.

"Bwana Marwa, wenzio tushavunja. Wewe wangoja nini?"

"Mzee wangu, hao nawajua," nikamwambia. "Mpaka waje, huyu mtoto wangu atakuwa ameanza shule."

Mtoto mwenyewe, Mwita, alikuwa ndiyo kwanza amezaliwa, tena kwa operesheni, na mke wangu Rhobi alikuwa hawezi hata kuinua ndoo wala kutoka hadi barabarani. Kwa hiyo mama yake Rhobi akakubali kutoka kijijini kwao Itiryo kuja kumuuguza na kumwogesha mtoto. Nisikilizeni vizuri hapo. Sisi Wakurya, mama mkwe na mkwe wake wa kiume ni watu wa kuogopana. Simpi mkono, sili naye, nikimwona anakuja njiani mimi ndiye natoka njiani. Mashangazi wa Rhobi walimkataza kabisa kulala kwangu, yeye akasema mwanawe ana kidonda na hilo lingine watamsamehe. Nilifurahi sana, na pia niliogopa sana, maana sasa nilianza kuitazama ile X kwa macho ya mama mkwe. Atashuka kwenye gari, kitu cha kwanza anachokiona kwa mkwe wake ni alama ya kubomolewa. Si atasema binti yake ameolewa na mtu anayefukuzwa na serikali?

Basi nikafanya uamuzi mmoja mdogo tu, wa jioni moja. Nikanunua chokaa, nikapaka bafu lote, likawa jeupe, likapendeza mpaka nikasimama ng'ambo ya barabara kulitazama. Mzee Saidi alikuwa barazani kwake. Aliniangalia, akarudi kwenye cherehani yake.

Mama Rhobi akaja. Nilimwamkia shikamoo nikiwa mbali, yeye akaitikia akitazama upande, mambo yakaenda vizuri. Jioni ile gari la matangazo likapita tena, likisema kesho mtambo uko mtaani kwetu, watu wakae mbali na mtaro. Rhobi akaniuliza kama na sisi tumo. Nikamwambia wanasema mtaa wa pili. (Sikuwa nimesikiliza hata nusu.)

Asubuhi nilikuwa ndani nakunywa chai. Mama mkwe alikuwa amemaliza kumwogesha Mwita, akawa anatoka na ndoo yake ya maji ya moto, na mimi kwa adabu nikageuka nikatazama ukuta, kwa sababu mkwe mwenye heshima hachunguzi mama mkwe anaelekea wapi. Adabu hiyo niliyofundishwa tangu utotoni ndiyo iliyonimaliza. Sikujua kabisa ameingia bafuni.

Ndipo nikasikia mngurumo, nyumba ikatetemeka. Nikatoka mbio. Kile kijiko chao cha kuchimbia kilikuwa kimefika mbele kwangu, na mtaro unakuja sambamba na bafu, karibu kabisa na ukuta. Nikazunguka hadi ng'ambo ya mtaro alikokuwa dereva nikampungia mikono, akapunguza moto. Majirani walikuwa wameshajaa, maana kijiko kikichimba hakuna anayebaki ndani.

"Mura, kijana wangu, utaniangushia bafu," nikamwambia.

Akalitazama. "Lina X hilo?"

Nikalitazama na mimi, kama vile naliona mara ya kwanza.

"Mzee, sikiliza. Chenye X tunazima mashine, tunakagua ndani, tunatoa watu, ndiyo tunabomoa. Hili ni jeupe, halina kitu, maana yake waliopima wameona halina shida. Tulia, napita tu."

Mngekuwa nyinyi mngesema nini? Mbele ya mtaa mzima niseme kwamba X ilikuwepo na nimeipaka chokaa mimi mwenyewe? Nikasogea pembeni kidogo, na dereva akaendelea.

Udongo wa chini ya ukuta ukaanza kuporomoka. Ukuta ukaegama polepole, nikadhani utasimama, kisha ukaja wote kwa pamoja na kulala ndani ya mtaro. Vumbi likapanda. Lilipotulia, mama mkwe wangu alikuwa amesimama pale, povu la sabuni kutoka kichwani hadi miguuni, macho ameyafumba kwa nguvu yasiingie sabuni, hajui kilichotokea, akasema kwa Kikurya kwa sauti ya mtu anayekereka tu kidogo, "Nani huyo amefungua mlango? Kuna baridi."

Dereva alizima mashine. Mama mkwe akajifuta macho, akafumbua, na mtu wa kwanza aliyemwona, ng'ambo ya mtaro, anatazamana naye uso kwa uso, ni mimi.

Nilitaka kugeuka. Nawaambia ukweli, nilitaka, lakini shingo iligoma, nikakaa chini kwenye udongo nikajifunika uso. Aliyeokoa siku ni Mzee Saidi, ambaye alinyakua kitenge cha mteja mezani kwake, akavuka akitembea kinyumenyume, mgongo ndio unatangulia, mpaka akamfikishia. Wanawake wakamzunguka wakamwingiza ndani.

Hakulia wala hakugomba. Nikiwa nje chini ya dirisha nilimsikia akimwambia Rhobi, "Mwanangu, sikutupi wewe. Lakini hapa sikai, na yule simwoni tena." Akaondoka na gari la mchana huo huo, sabuni hata haijasuuzwa vizuri kichwani.

Rhobi akaniita ndani.

"Bafu lilikuwa na X?"

"Lilikuwa nayo."

"Ukaifuta ili mama asiione."

"Ndiyo."

Akamfunika mtoto vizuri. "Ni heri angeiona hiyo X, Baba Mwita."

Kaka yake alikuja kumchukua, yeye na mtoto, maana kidonda kilikuwa bado na hapakuwa na wa kumsaidia. Nilikaa kwenye nyumba ile peke yangu nikaona ilivyo kubwa. Wazee wa Itiryo wakaamua nipeleke kondoo ndipo aibu ile isafishwe, nikapeleka, nikapokelewa. Lakini mama mkwe akatuma neno kwamba binti yake hatarudi mpaka bafu lijengwe upya ndani ya mipaka, na kwamba neno langu mimi halitoshi, anataka kusikia kwa mtendaji. Nikajenga, kisha nikaenda kumbembeleza mtendaji ampigie simu mama mkwe wangu. Akampigia, akamwambia bafu jipya liko ndani ya mipaka. Mama akamuuliza, "Umeliona mwenyewe, au umeambiwa na yeye?" Ikabidi mtendaji aje na futi yake, apime, apige tena.

Siku hizi tangazo la halmashauri likibandikwa nalisoma mpaka muhuri, na lisiponihusu nalisoma hivyo hivyo. Wenye viwanja, mkiambiwa ondoa, ondoeni. Waliopima wanajua bomba linapita wapi, sisi tunajua tu maji machafu yanateremkia wapi.

Rhobi amerudi. Mama yake hajarudi, na sidhani atakuja kulala kwangu tena maishani. Kwa hiyo Mwita anaogeshwa na mimi na majirani wa kiume wanaokuja kunicheka kila asubuhi. Yaani wao wanacheka, na mimi ndiye ninayemwogesha.